Kamera za mwendokasi: mafundi wa kufunga, kupima na kuhudumia tukutane hapa

#1 Digrii22

Wadau, uzi huu ni wa kazi ya mikono: kamera za nguzoni, za stendi ya miguu mitatu, tochi za leza, na zile za wastani wa kasi kati ya nukta mbili. Hoja za faini na siasa zake zina nyuzi zake, tafadhali msizilete hapa.

Naanza na rada ya pembeni ya barabara kwa sababu inaonekana rahisi kuliko zote, na ndiyo inayokosewa zaidi.

Rada ya Doppler, ile inayosoma badiliko la masafa ya mawimbi yanayorudi kutoka kwenye gari, haioni kasi ya gari barabarani. Inaona jinsi gari linavyoikaribia au kuiacha antena kwa mstari ulionyooka. Antena ya 24.125 GHz inapata tofauti ya masafa ya takriban hezi 44.7 kwa kila kilomita 1 kwa saa, na ya 34.3 GHz inapata 63.5. Antena ikiikata barabara kwa mshazari wa digrii 22, inaona asilimia 92.7 tu ya kasi halisi, ambayo ndiyo kosaini ya 22. Kifaa kinalijua hilo na kinarudishia kilichopungua. Tatizo ni kwamba kitarudishia kwa hesabu ya 22 hata kama wewe umekiweka 20. Hakina namna ya kujua.

Antena ikigeukia mhimili wa barabara kwa digrii 1, kasi inayoandikwa inazidi kwa karibu asilimia 0.7. Digrii 2 ni asilimia 1.35, yaani gari la 120 linaandikwa 121.6. Ikigeukia upande wa pili inapungua kwa kiasi kinachokaribiana. Si makosa makubwa, lakini yanaliwa kutoka kwenye uvumilivu (kiasi cha kosa kinachoruhusiwa) ule ule unaotegemewa kufunika makosa mengine yote.

Namna ya kuweka: usifuate ukingo wa lami wala majani, hivyo havijanyooka. Chukua mstari mweupe wa pembeni. Pima umbali kutoka mstari hadi mhimili wa kifaa pale kiliposimama, kisha nenda mita 20 mbele kwenye mstari wa shabaha wa kifaa (huu ndio unaokaa sambamba na barabara, antena ndiyo iliyo mshazari), upime tena. Vipimo viwili vilingane. Kwa mita 20, tofauti ya sentimita 35 ni digrii 1 nzima. Sentimita 5 unaweza kuishi nazo, 15 rudi uanze upya. Ukimaliza kufunga skrubu, pima mara ya pili, maana stendi nyingi huhama wakati wa kukaza.

Barabara inayopinda ni habari nyingine kabisa. Kwa kifaa kilicho mita 5 kutoka katikati ya njia, mwale unakutana na gari mita 12 hivi mbele. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 200, ndani ya hizo mita 12 barabara imeshageuka digrii 3.4. Kutegemea inapindia upande gani, hiyo peke yake inakupa asilimia 2 ya ziada. Kwa nusu kipenyo cha mita 1,000 inashuka hadi digrii 0.7.

#2 MwanaKebo

Mkuu, maelezo safi. Ila fundi yuko barabarani, hana ramani ya wahandisi. Nusu kipenyo cha kona anakijuaje?

#3 Digrii22

Kamba ya mita 20 na rula. Nyoosha kamba, ncha zote mbili zikanyage mstari mweupe. Pima katikati ya kamba mstari umeachana nayo kiasi gani. Zidisha urefu wa kamba kwa wenyewe, gawanya kwa mara 8 ya uachano huo. Kamba ya mita 20 ikiachana sentimita 5, nusu kipenyo ni mita 1,000. Ikiachana sentimita 25, ni mita 200, kusanya vyombo utafute pengine.

Ifanyike wakati wa kukagua eneo, pakiwa na koni na mwenzako anayeangalia magari. Si kazi ya mtu mmoja aliyechuchumaa na kamba ukingoni.

#4 rada_na_kivuli

Naongezea mambo ya mwangwi, kwa sababu pembe inaweza kuwa sahihi kabisa na kipimo bado kikawa cha uongo.

Adui ni bati lililo bapa: kingo za chuma za barabarani, kontena, bango kubwa, ubavu wa lori lililoegeshwa, geti. Mwale ukigonga bati hilo na kupinda, unaweza kulikuta gari likija uso kwa uso badala ya mshazari. Sasa antena inapokea asilimia 100 ya kasi, na kifaa kwa uaminifu wake kinagawanya kwa 0.927. Matokeo ni ziada ya karibu asilimia 8. Gari la 75 linakuwa 81.

Aina ya pili ni mwale kutoka antena hadi gari, ukarudi kwenye bati lililo karibu na kifaa, ukaenda tena kwenye gari, ndipo ukarudi. Hapo kasi inajumlishwa mara mbili. Huwa inajulikana haraka kwa sababu lori lililosheheni halikimbii 140, lakini kwenye eneo la 30 mtu anayeangalia picha kwa haraka ataona 62 na kuipitisha.

Kwa hiyo kabla ya kufungua sanduku, simama pale antena itakapokaa, angalia kwenye mwelekeo wa mwale na upande wa pili wa barabara. Bati lolote bapa ndani ya mita 30 hivi lichukulie kuwa kioo mpaka uthibitishe vinginevyo. Na uangalie tena katikati ya zamu: lori lililokuja kuegeshwa saa mbili baada ya wewe kuanza nalo ni kioo.

Mfano unaojulikana ni wa Baltimore, Marekani. Mwaka 2012 gazeti la Baltimore Sun lilianika tiketi ya faini ya maili 38 kwa saa kwenye eneo la maili 25, na gari lenyewe lilikuwa limesimama kwenye taa. Picha zilikuwa mbili, zina saa, na gari halijasogea hata kidogo kati yake. Yaani ushahidi wa kuikataa tiketi ulikuwa ndani ya tiketi yenyewe. Mwaka uliofuata jiji lilizima mtambo wote.

#5 Mhakiki_wa_Picha

Hapo ndipo kazi yetu sisi wa chumbani, tunaokagua picha, inapoanza, na mafundi wa barabarani wengi hawajui tunafanya nini.

Picha mbili zinapigwa kwa nafasi ya muda inayojulikana, mara nyingi nusu sekunde. Barabarani kuna mistari iliyochorwa kwa umbali uliopimwa. Gari likisogea mita 12 kwa nusu sekunde, ni mita 24 kwa sekunde, yaani 86.4 kwa saa. Tunalinganisha na rada. Kipimo hiki cha pili si cha kusahihisha rada. Ni cha kukamata uongo mkubwa, kwa hiyo tofauti ya hadi asilimia 10 hivi huvumiliwa, ikizidi hapo picha inatupwa.

Kosa linalojirudia: mtu anapima kwa kufuata pleti namba au bampa. Usifanye hivyo. Mistari iko chini, na pleti iko juu ya ardhi. Tuseme kamera iko mita 4 juu na pleti iko nusu mita. Kila nukta ya pleti inaonekana kana kwamba iko mbali zaidi kwa uwiano wa 4 kwa 3.5. Pleti iliyo mita 20 kutoka kamera inaangukia kwenye lami ya mita 22.9, na ile ya mita 32.5 inaangukia kwenye 37.1. Gari limesogea mita 12.5, wewe umesoma 14.3. Umempandishia mwenye gari kasi kwa asilimia 14, halafu unaandika kwamba rada "inasoma chini". Pima mahali tairi linapogusa lami, tairi lile lile kwenye picha zote mbili.

Na ninyi wa barabarani, rangi ya mistari ikifutika semeni. Mstari uliochorwa upya kwa kukisia juu ya alama ya zamani ni mbaya kuliko mstari uliofutika. Upimwe kwa utepe wa chuma, na kipimo kiandikwe kwenye kitabu cha eneo pamoja na tarehe.

#6 mkurufunzi_wa_rada

Swali la haraka. Rada za kisasa zinazofuatilia magari kadhaa kwenye njia nne kwa pamoja nazo zinahitaji mistari?

#7 rada_na_kivuli

Inategemea idhini ya aina ya kifaa (kibali rasmi cha muundo huo) inasemaje. Mara nyingi mahali pa mistari panachukuliwa na kisanduku kinachochorwa juu ya picha kuonyesha gari lililopimwa liko wapi wakati wa kupimwa. Rada hizo hubadilisha masafa mfululizo, hivyo zinapata umbali pia, si kasi tu. Zikitumia upana wa masafa wa MHz 200 zinatenganisha vitu vilivyoachana kwa karibu sentimita 75. Pembe inatokana na tofauti kati ya antena za kupokelea.

Kinachoharibika hapo ni uhusiano wa rada na kamera. Rada inasema "mita 35, digrii 4 kushoto", na programu inageuza hiyo kuwa nukta kwenye picha. Nguzo ikiinama kidogo, au mtu akisogeza kamera wakati wa kufuta kioo, kisanduku kinakaa kwenye gari la jirani. Kasi ni sahihi, aliyepewa siye. Kwa maoni yangu hili ni baya kuliko kosa la asilimia 2, kwa sababu namba inaonekana nzuri na kipimo cha pili hakipo cha kuikanusha.

Jaribio lake: gari moja lipite peke yake kwenye kila njia, kwa kasi tofauti, na kisanduku kikae juu ya gari kwenye kila picha. Rudia baada ya dhoruba kubwa na baada ya kugusa mabano yoyote. Weka alama ya rangi kati ya boliti na mabano. Alama ikikatika, kitu kimesogea.

#8 MwanaKebo

Zamu ya waya za ardhini sasa. Kuna watu wanadhani zimepitwa na wakati. Zina ubaya wake, ila hazina mwangwi wala kosaini.

Kwa kawaida kila njia ina vihisi vitatu vya piezo (vinatoa umeme kidogo vikikanyagwa), mita 1 kati ya kimoja na kingine, au vitanzi vya waya. Gari la 100 kwa saa linavuka mita 1 kwa milisekunde 36. Kifaa kinapima kutoka cha kwanza hadi cha pili, cha pili hadi cha tatu, na cha kwanza hadi cha tatu. Kasi tatu zisipokubaliana, kipimo kinafutwa chenyewe. Ni muda gani unaweza kupotea? Milisekunde 1 kwenye hizo 36 ni asilimia 2.8. Na sentimita 1 ya umbali kwenye mita 1 ni asilimia 1. Kwa hiyo umbali unapimwa kwa milimita, na unapimwa tena lami ikishaanza kubonyea kwenye njia za matairi, kwa sababu lami laini husukumwa mbele na magari mazito yakifunga breki, na vihisi vinasafiri nayo.

Vitanzi: waya wa raundi 3 au 4 kwenye mfereji uliokatwa kwa msumeno, sentimita 5 hadi 7 chini. Pembe za mfereji zisiwe kali, zikatwe mshazari, la sivyo waya unakatikia hapo. Waya wa kutoka kwenye kitanzi kwenda kwenye kabati usokotwe, mizunguko 15 hivi kwa mita, usiachwe sambamba. Waya usiosokotwa nao ni kitanzi, unapokea kelele za kila kebo ya umeme inayopita karibu.

Kupima: tenganisha kwanza na kadi ya kifaa. Narudia, tenganisha. Volti 500 za kipima insulesheni zikiingia kwenye kadi, umepoteza kadi. Kisha pima kati ya waya na ardhi. Kitanzi kipya kinatakiwa kuzidi megaomu 100. Kikishuka chini ya 10 kiweke kwenye orodha ya kufuatiliwa. Chini ya 1, andaa msumeno. Ukinzani wa waya wenyewe ni omu chache tu, na usibadilike ukitikisa kebo kwenye kabati. Piezo usizipige volti 500: multimita ya kawaida na kipima kapasita vinatosha, ulinganishe na karatasi ya kiwandani ya kihisi hicho hicho.

#9 mkurufunzi_wa_rada

Na hitilafu inayokuja na kuondoka? Asubuhi mzima, mchana amekufa, kesho mzima tena.

#10 MwanaKebo

Kama inafuata mvua, ni maji kwenye insulesheni, na mara nyingi mahali pa kuunganishia, si kwenye kitanzi. Kama inafuata jua kali la mchana, ni kiungo kilichopasuka ambacho joto linakifungua. Chora grafu ya makosa dhidi ya saa kwa wiki moja kabla ya kuchimba chochote. Karibu kila mara jibu liko kwenye kiungo cha kando ya barabara, kilichofungwa kwa tepu ya plastiki badala ya kuchomewa kwa solda na kumiminiwa gundi ya kuzuia maji.

#11 BibiLeza

Wanangu, mmeisahau tochi. Fupi fupi basi.

Leza ya nanomita 905 inatuma mipigo na kuhesabu muda wa kwenda na kurudi. Mita 300 ni mikrosekunde 2. Kifaa kinachukua umbali mara nyingi ndani ya theluthi moja ya sekunde hivi na kuchora mstari wa mwendo. Mwale unatanuka: kwa milirediani 3, kwenye mita 300 una upana wa sentimita 90, kwenye mita 600 una mita 1 na 80. Kwenye mita 600 basi na pikipiki iliyo pembeni yake vinaweza kuwa ndani ya mwale mmoja. Namba ipo, mwenye namba hajulikani. Jiwekee mpaka wa umbali kulingana na msongamano, usijivunie kukamata mtu mbali.

Lenga pleti au taa, ushikilie hapo. Mkono ukiteleza kutoka kioo cha mbele hadi bampa, umeongeza mita 1 na zaidi kwenye mwendo ambao gari halikuufanya. Mita 1 kwa sekunde 0.3 ni kilomita 12 kwa saa. Programu nzuri inaona mstari haukunyooka na inakataa kutoa namba. Ikikataa mara nyingi usiilaumu tochi, tafuta kitu cha kuegemea.

Kabla ya zamu kuna majaribio manne: la kifaa kujipima chenyewe, la kioo cha namba kuwaka sehemu zake zote, la umbali usiobadilika, na la shabaha. La umbali: nukta mbili zilizopimwa kwa utepe, tochi isome umbali huo na kasi isome sifuri. La shabaha: chagua nguzo iliyosimama peke yake, nyuma yake kuwe na anga tu, upitishe nukta nyekundu kushoto kwenda kulia, kisha kwenye kitu cha mlalo juu kwenda chini. Mlio ubadilike pale nukta inapogusa, si kabla wala baada. Baada ya zamu rudia yote. Jaribio la mwisho wa zamu likishindwa, vipimo vyote vya katikati havina mwenyewe.

#12 Digrii22

Shikamoo bibi. Hilo la mwisho linafaa hata kwa rada: picha ya majaribio mwanzo na mwisho, eneo lile lile, bila kugusa stendi katikati.

#13 BibiLeza

Marahaba. Na bila kuizima kwa ajili ya kubadilisha betri. Ukiizima, hiyo ni zamu mpya, anza majaribio upya.

#14 saa_na_umbali

Wastani wa kasi: kamera mbili, umbali ugawanywe kwa muda. Hakuna rada, hakuna leza. Watu wanaona ni rahisi, kumbe umehamisha tatizo lote kwenye saa na utepe.

Umbali upimwe kwa njia fupi kuliko zote ambayo gari lingeweza kupita, ukikata kona kwa ndani. Hivyo yeyote aliyefuata njia yake vizuri amesafiri mbali zaidi ya ulichoandika, na kasi yake halisi ilikuwa juu ya ile ya kwenye karatasi. Kosa likiwepo linamfaidi dereva, na ndivyo inavyotakiwa.

Muda: kila kamera ina saa yake inayofuata setilaiti za GPS. Kwenye mita 1,000, gari la 100 linatumia sekunde 36, hivyo sekunde 1 ya tofauti kati ya saa mbili ni asilimia 2.8. Kwenye kilomita 5 sekunde hiyo hiyo ni asilimia 0.56. Sehemu fupi zinahitaji saa kali zaidi. Antena ya GPS ikifunikwa na matawi au kebo yake ikiingia maji, saa inaanza kutembea polepole bila kelele yoyote. Kifaa kiwekwe kikatae kutoa tukio likipita muda fulani bila kuona setilaiti, siyo kiendelee kwa kubahatisha.

Jambo dogo linalosumbua kuliko ukubwa wake: hifadhi muda wa dunia ndani ya mfumo, saa ya mahali ionyeshwe kwenye karatasi tu. Nchi zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka, usiku ule wa kurudisha saa nyuma dakika 60 zinajirudia. Gari lililoingia kabla na kutoka baada litaonekana limefika kabla ya kuondoka. Na ratiba za kasi zinazobadilika kwa saa, kwa mfano eneo la shule, hukosewa hapo hapo: kamera inashika kiwango cha shule saa nzima baada ya bango kuzimwa.

#15 Kabati_la_Chini

Mimi wa umeme. Theluthi mbili ya simu za "kamera imekufa" huishia kwenye kabati, haifiki kwenye kamera, hayo ni makadirio ya macho tu, msininukuu.

Betri ya akiba ya 12 V, 100 Ah, ikiwa mzigo ni wati 60, inatoa ampea 5. Kwenye karatasi ni saa 20. Ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu saa 10. Betri za risasi hupoteza karibu nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na ndani ya kabati la chuma juani nyuzi 45 ni kitu cha kawaida. Iweke chini, feni itoe hewa juu, kichujio cha vumbi kibadilishwe kwa ratiba badala ya kusubiri kizibe.

Fleshi ya zenoni ina kapasita za mamia ya volti. Zima, subiri dakika 5, pima kwa mita, ndipo uguse. Kuzima breka peke yake hakutoshi, chaji imebaki ndani.

Kikinga radi kiwe kwenye umeme na kwenye kebo ya data pia. Wengi hufunga cha umeme tu, kisha radi inapita kwenye kebo ya mtandao na kuunguza kamera huku breka haijaruka. Na waya wa ethi (unaopeleka umeme wa radi ardhini) upimwe ukinzani, usiangaliwe kwa macho: chini ya omu 10 ni lengo linalotumika sana, na udongo ukikauka hupanda.

#16 lakiri

Naona kila mtu anasema "badilisha", "legeza", "geuza". Tuongee lakiri.

Kifaa hiki ni chombo cha kupimia kisheria, kama mizani ya sokoni. Kina cheti chenye tarehe ya mwisho, mara nyingi mwaka mmoja, na kina lakiri kwenye skrubu zinazogusa kipimo. Ukikata lakiri ya antena kwa nia njema kabisa ya kufuta ukungu ndani ya kioo, cheti kimekufa saa hiyo hiyo. Kabla ya kufungua chochote soma karatasi ya idhini ya aina: modemu, betri na feni mara nyingi ziko nje ya lakiri, antena, kipima muda na ubao wa hesabu viko ndani. Vingine, kama lenzi, hutegemea kifaa. Usikisie.

Programu ni hivyo hivyo. Toleo linaloruhusiwa limetajwa kwenye cheti. Kifaa kikiwaka kinaonyesha namba ya toleo na alama ya kuthibitisha, vinakiliwe kwenye kitabu kila zamu. Toleo jipya lililotumwa na mtengenezaji kwa barua pepe si toleo lililoidhinishwa.

Faili ya tukio inafungwa kwa saini ya kidijitali pale pale kwenye kifaa. Usiifungue kwa programu ya picha ukaihifadhi upya "ili iwe na mwanga". Badiliko la pikseli moja linavunja saini. Fanya nakala, rekebisha nakala, faili ya asili ibaki ilivyo.

Na vifaa vya kubebea data. Juni 2017 jimbo la Victoria, Australia, lilitangaza kwamba kamera 55 zimepata kirusi cha WannaCry, na idadi ikapanda baadaye. Kamera hizo hazikuwa kwenye intaneti. Kirusi kiliingizwa na mtu wa matengenezo kupitia kifaa alichochomeka, naye bila kujua, na kamera zikaanza kuzima na kuwaka. Maelfu ya tiketi yalisimamishwa ili kuhakikiwa. Kwa hiyo flashi ya kazi ni ya kazi: ina namba, inasafishwa kwenye kompyuta isiyounganishwa na kitu, haikai mfukoni na nyimbo.

#17 mkurufunzi_wa_rada

Mkuu lakiri, kiwango cha kuanza kupiga picha nacho kiko ndani ya lakiri? Maana mkubwa wa kituo anaweza kupiga simu "shusha kidogo leo".

#18 lakiri

Kwa kawaida ni mpangilio wa mwendeshaji, si wa kipimo. Ndiyo maana ni hatari zaidi. Ujerumani kipimo kinapunguzwa kilomita 3 kwa saa hadi kasi ya 100, na asilimia 3 juu ya hapo. Ufaransa kamera ya kusimama inapunguziwa 5, na asilimia 5 juu ya 100. Kila nchi ina yake na imeandikwa. Fundi anaweka kile kilichoandikwa, kwa amri iliyoandikwa, na tukio libebe namba mbili tofauti: iliyopimwa na iliyobaki baada ya kupunguza. Simu si amri.

#19 rada_na_kivuli

Kwenye hili sikubaliani kidogo. Wakati wa majaribio ya kufunga eneo jipya, fundi lazima aweze kushusha kiwango ili apate picha nyingi za kupima kisanduku. Ukimfunga mikono kabisa atakaa wiki akisubiri wakosaji sita.

#20 lakiri

Hapo sawa, ila kwa modi ya majaribio, ambayo inagonga neno la majaribio juu ya kila picha na haipeleki chochote kwenye seva ya tiketi. Kifaa kisichokuwa na modi hiyo, kebo ya data ichomolewe na diski ya majaribio iwe nyingine.

#21 Mhakiki_wa_Picha

Kabla uzi haujalala: picha za usiku. Tunapokea pleti nyeupe tupu, kama karatasi. Wa barabarani, hii inarekebishika vipi?

#22 Kabati_la_Chini

Pleti inarudisha mwanga wa infraredi moja kwa moja ulikotoka, kwa hiyo inaungua kabla gari lenyewe halijaonekana. Punguza nguvu ya taa ya infraredi kwanza, usianze na lenzi. Kama kifaa kinaruhusu, piga fremu mbili, moja ya pleti na moja ya gari.

Kasi ya shata usiishushe kutafuta mwanga. Gari la 130 linakwenda sentimita 3.6 kwa 1/1000 ya sekunde. Kwa mshazari wa digrii 22, takriban sentimita 1.3 ya hiyo ni ya kwenda pembeni, na mkono wa herufi kwenye pleti una unene wa sentimita 1 hivi. Herufi zinachanganyika, 8 na B hazitofautiki. Nenda 1/2000 au zaidi, na pleti iwe na pikseli 100 na ushee kwa upana.

#23 MwanaKebo

Na buibui. Taa inavuta wadudu, wadudu wanaita buibui, utando mmoja mbele ya kioo unang'aa kuliko pleti. Puliza kwa hewa kwanza ili mchanga usikwaruze, kisha kitambaa laini na pombe ya isopropili. Dawa za kusafishia madirisha zenye amonia zinakula tabaka jembamba la kinga la lenzi.

#24 Mhakiki_wa_Picha

Nimewaelewa. Naomba mkibadilisha nguvu ya taa muandike kwenye kitabu cha eneo saa na namba mpya, ili huku tujue kwa nini picha za saa mbili zimebadilika ghafla na tusizitupe zote.